Chumvi ya Mama Enesia

Safari ya tatu nilikuta Mzee Obadia Mlowe amenitolea kigoda nje.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kimewekwa kando ya mlango mahali ambapo upepo haufiki sana, na juu yake alikuwa amekunja blanketi zito la rangi ya udongo. Mwenyewe hakuonekana. Nilimsikia tu akikohoa nyuma ya mlango. Mimi na yeye tulijua kwamba kigoda cha nje si karibu, wala blanketi si karibu, na nadhani Njombe nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa akilibania neno hilo kama yeye.

"Hodi," nikasema.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na mashamba ya viazi yalikuwa yamekwisha kupotea ndani yake. Vidole vyangu sikuwa navihisi.

"Hodi."

Ndani kiti kikalia, kama mtu aliyetaka kuinuka kisha akaghairi.

"Hodi wenyewe."

"Umefika, binti," Mzee Obadia akajibu. "Keti. Jifunike hilo blanketi, leo baridi haina adabu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Za safari?"

"Njema."

Taa ndogo ya Shahidi, kifaa cha kampuni nilichobandika kifuani, ikabaki nyeupe. Umefika si karibu. Keti si karibu. Mzee alifundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili katika shule ya hapo kilimani, na kama kuna kitu alichokijua duniani ni tofauti ya neno na neno. Nikakaa, nikajifunika, na nakiri kwamba nilifurahi. Safari mbili za mwanzo nilisimama mlangoni pake mpaka saa kumi na mbili ya jioni, tukazungumza kupitia ubao wa mlango habari za mvua, za wanafunzi wake wa zamani, za ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwamba mwaka huu umechacha mapema. Deni hatukuligusa. Kuna jirani alikuwa akipita pita na jembe ambalo sikuona likilima, na mbele ya jirani mdai hatamki deni.

Mdai ndiyo kazi yangu. Jina langu Blandina Msigwa, lakini mitaani wananiita Dada Hodi, na wakiniita hivyo hawanisifu.

*

Zamani hatukuwa hivi. Watu wa rika langu wanaikumbuka vizuri mikopo ya kausha damu, na wale waliokuwa wakiidai. Walikuja alfajiri, walikuja msibani, walikuja na gari lenye kipaza sauti wakataja jina la mtu mtaa mzima usikie. Baada ya yale yaliyotokea, ambayo sitaki kuyarudia yote, zikaja Kanuni za Mlangoni, na kila mdai akavalishwa Shahidi.

Shahidi ni kitu kidogo tu, ukubwa wa kifungo cha koti, lakini anasikia hata unavyopumua. Anahesabu hodi. Anajua saa. Ukiinua sauti anawaka nyekundu, ukikalia kiti cha mwenye nyumba anawaka nyekundu, ukimkuta mtoto peke yake ukamwuliza baba yuko wapi anawaka nyekundu na kesho huna kazi. Anawaka kijani kwa jambo moja tu: akisikia sauti ya nyumba hiyo ikisema karibu. Bila karibu huingii, hata kama mlango uko wazi na unachokidai unakiona kwa macho. Safari tatu zikiisha bila karibu, au safari ya tatu ikibatilika, kampuni inapoteza haki ya kuchukua, na shauri linakwenda barazani kukaa na mengine.

Iko kanuni ya tano, naipenda kuliko zote. Inasema mdai akikaribishwa, kabla hajagusa chochote, atamweleza aliyemkaribisha, kwa lugha anayoielewa, ni nini alichokuja kuchukua, na atangoja mpaka huyo aseme kwa kinywa chake kwamba ameelewa. Hapo ndipo Shahidi anafungua kufuli ya kitu kinachodaiwa. Kabla ya hapo hata mhunzi hawezi.

Naipenda kwa sababu ya mama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimerudi likizo kutoka bwenini. Mama alikuwa amekaa jikoni anamenya viazi wakati wanaume wanne waliposimama kizingitini. Hawakupiga hodi. Mama akainua kichwa, na kabla hajatazama ni akina nani akasema, "Karibuni." Mazoea tu. Mtu amesimama mlangoni kwako, utasema nini kingine? Wakacheka. Mmoja wao akasema, "Mwenyewe ametukaribisha," na neno hilo walilirudia kila walipotoka na kitu. Walitoka na godoro. Walimwaga maharage chini wakatoka na sufuria. Walitoka na simu yake, na ndani ya simu ile mlikuwa na sauti yake, kila Jumapili, akinirekodia salamu za kunitumia bwenini. Mama hakumaliza mwaka.

Kwa hiyo sauti yake sina. Nimejaribu sana kuikumbuka. Najua alikuwa akiniita Blandi, najua alikuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia kinachochekesha, lakini kujua si kusikia. Nikifumba macho linanijia neno moja tu, karibuni, na waliokuwa wakikaribishwa ni wale wanne. Miaka inakwenda na bado natamani hata anigombeze, mradi niisikie.

*

Nilichokuja kuchukua kwa Mzee Obadia ni mke wake.

Labda niseme hivyo hivyo, maana nyumba yenye Mwangwi haina namna nyingine ya kulisema jambo hili. Mwangwi unapachikwa ukutani, kwa kawaida sebuleni. Kwa nje unaona kitambaa tu, kama kile cha redio za zamani. Kwa ndani kuna kokwa, jiwe jeusi la ukubwa wa kokwa la parachichi, na sauti ya mtu imo humo, pamoja na mazoea yake, utani wake, manung'uniko yake na namna yake ya kukuuliza umekula nini. Mafundi wanaijenga kwa kukusanya kila alichowahi kutamka kwenye simu na ndani ya nyumba akiwa mzima. Familia inalipa kila mwezi. Ikishindwa, kokwa hurudi kiwandani, hufutwa, na huwekewa mtu mwingine.

Niliwahi kuwauliza mafundi kama wanaweza kumjenga mtu kwa neno moja. Walidhani natania.

Mzee Obadia alilipa miaka minne bila kukosa. Kisha jalidi ikaunguza viazi misimu miwili mfululizo, akauza ng'ombe, akauza baiskeli ya umeme, akauza, kama nilivyokuja kujua baadaye, mablanketi. Bintiye wa pekee alikuwa mbali na ana mzigo wake. Hakuwa tapeli. Alikuwa mtu aliyeishiwa, na safari ya kwanza aliniambia kupitia mlangoni bila kujificha: "Ninadaiwa, sikatai. Lakini neno unalolingoja, binti, silisemi."

Jambo moja zaidi la hawa watu wa ukutani, ambalo kampuni inaliandika kwa herufi ndogo. Wao hawajui. Sauti hujengwa mpaka siku yake ya mwisho ya afya njema na kuishia hapo. Mama Enesia wa ukutani alidhani yuko jikoni, au yuko chumbani, au amejilaza kidogo. Ukimwambia kwamba amekufa, atauliza swali moja, kisha jingine, kisha atanyamaza, na kokwa likishanyamaza hivyo hakuna fundi wa kulirudisha. Kwa hiyo familia hujifunza kukwepa. Mzee Obadia alikuwa amekwepa miaka minne na zaidi.

*

Nilikuwa nimekaa dakika chache tu, nimejikunyata, ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika safari mbili za kwanza.

"Obadia. Nani huyo anaongea mlangoni?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kuita watu walio mbali shambani. Nikasikia hatua za haraka za mzee.

"Obadia, nakuuliza. Nimesikia mtu anapiga hodi mara tatu. Wewe umekaa tu?"

"Hakuna mtu, Enesia. Upepo."

"Upepo unasema shikamoo?"

Hapo nikalitazama blanketi nililojifunika, na nikaelewa. Lilikuwa na alama ya mstatili katikati, mahali palipokandamizwa muda mrefu. Safari zile mbili alikuwa ameufunika Mwangwi kwa blanketi hili asisikie hodi. Leo aliona ukungu, akaona binti wa watu atakaa nje mpaka jioni, na blanketi katika nyumba lilikuwa hilo moja. Akamfunua mkewe ili anifunike mimi. Nilitaka kulivua nilirushe ndani kupitia dirishani, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Karibu, mwanangu!" Mama Enesia akaita. "Karibu, pita ndani! Usimsikilize huyu mzee. Baridi yote hii unamwacha mtu nje, watu watasema tumekuwaje?"

Shahidi akawaka kijani.

"Karibu imesikika," akasema kwa ile sauti yake isiyo na baba wala mama. "Saa tisa na dakika arobaini. Mlango ni halali."

Ndani nikamsikia Mzee Obadia akikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni, taratibu, mgongo wake ukisugua mlango.

*

Bwana Haule, mratibu wetu, hakukawia. Sauti yake ikapita kwa Shahidi mpaka kwenye kisikilizio nilichovaa sikioni. "Blandina, hongera. Nyumba ngumu ile. Ingia."

"Aliyenikaribisha ndiye ninayekuja kumchukua," nikamwambia kwa kunong'ona.

"Kanuni inasema sauti ya nyumba. Ile si sauti ya nyumba?"

"Amesema kwa mazoea, bwana. Hajui anamkaribisha nani."

"Watu wangapi wanajua wanamkaribisha nani? Ingia, mweleze, aseme ameelewa, toa kokwa, urudi kabla ya giza. Dakika tano."

"Nikimweleza atanyamaza. Hata baraza likimrudisha kesho, atakuwa ameshanyamaza."

Bwana Haule akavuta pumzi. Si mtu mbaya. Ana watoto, na juu yake ana watu wanaomdai kazi kama yeye anavyonidai mimi. "Kokwa linakwenda kufutwa, Blandina. Kunyamaza leo au kunyamaza Jumatatu kuna tofauti gani?"

Nilikuwa nalisikia neno jingine kabisa kichwani, la wale wanne: mwenyewe ametukaribisha.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Obadia alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kama bado anakwenda darasani, macho mekundu. Hakusema karibu. Alisimama kando tu, akanionyesha ndani kwa kiganja.

"Mke wangu amekwisha kusema," akaniambia. "Miaka arobaini na mmoja hajawahi kumwita mtu ndani mimi nikamfukuza. Siwezi kuanza leo."

Nikavua viatu, nikaingia.

Sebule ilikuwa safi na tupu. Kiti kimoja, meza moja, jiko la mkaa lililozimwa ili kubana matumizi. Ukutani palikuwa na mraba wa kitambaa cha kijivu na chini yake kufuli ndogo ya kampuni, na mbele yake kigoda kingine cha miguu mitatu, kimekaliwa hata kimelainika. Nikajua hapo ndipo anapokaa jioni. Nikabaki nimesimama.

"Ndiye huyo?" sauti ikauliza. "Karibu, mwanangu. Kamwene."

"Kamwene, mama," nikaitikia salamu hiyo ya kwetu. "Shikamoo."

"Marahaba. Sikuoni, niko huku ndani nimejinyoosha kidogo, mgongo. Unaitwa nani?"

"Blandina."

"Ah, Blandi." Aliuchezea mdomoni ule ufupisho, kama watu wote wa huku wanavyofanya majina. Ni kawaida tu, hakuwa na maana yoyote. Lakini nilijikuta nimeshika meza.

Mzee Obadia akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye shati lake. Akaongea chini chini.

"Mchukue. Sikuombi uniachie. Ila usimwambie. Mchukue kama mtu aliyelala. Hilo tu, binti, nakuomba kama mzazi wako."

Nami nilikuwa sina la kumfanyia, kwa sababu kanuni ya tano, hii ninayoipenda, ilikuwa imesimama katikati yetu. Bila Mama Enesia kuelezwa, kufuli haifunguki. Kanuni iliandikwa kwa ajili ya mama yangu, ili mwanamke anayemenya viazi aambiwe ukweli kabla godoro halijaguswa. Na sasa ukweli ule ule ungemmaliza mwanamke mwingine aliyesema karibu kwa moyo ule ule. Nikisema ukweli, namwua. Nikisema uongo, ninaivunja kanuni pekee duniani niliyoamini kwamba ni haki, na nawafungulia njia wadai wengine waongo kuliko mimi.

"Blandina," Bwana Haule akasema sikioni. "Muda."

"Mnanong'ona nini nyie?" Mama Enesia akauliza. "Obadia, umempa mtoto kiti? Mwanangu, huyu mzee ukimwacha atakusomesha ngeli za majina mpaka jua lizame. Niambie mimi. Umekuja na shida gani?"

Shahidi akaanza kumemeteka nyeupe, kuonyesha kwamba anangoja maelezo.

"Nimekuja kuchukua..." nikaanza.

"Ndiyo, umekuja kuchukua nini, mama?"

Aliniita mama, kama wanavyowaita watoto wa kike. Nikamtazama Mzee Obadia. Alikuwa amefumba macho na ameinamisha kichwa, mtu anayengoja pigo. Huko nje jirani wa jembe alikuwa amesimama wazi wazi bila hata kujisingizia kulima. Nilifikiri juu ya kazi yangu, na juu ya chumba changu cha kupanga kule mjini, na juu ya sauti ambayo ningeweza kurudi nyumbani bila kuwa nimeizima.

"Chumvi," nikasema. "Nimekuja kuchukua chumvi, mama. Yangu imeniishia."

Shahidi akawaka nyekundu chumba kizima.

"Maelezo ya uongo," akasema. "Safari ya tatu imebatilika."

"Nani huyo tena?" Mama Enesia akauliza.

"Simu yangu, mama. Ina kelele."

"Ah, hizo simu. Sasa chumvi tu ndiyo umesimama nje mpaka ukaganda? Obadia! Iko kwenye kikombe cha bluu, juu ya kabati, nyuma ya majani ya chai. Mpe ya kutosha, usimpe ya kubana kama ulivyo."

Mzee Obadia akafumbua macho. Ilimchukua muda kuelewa, nikaona jinsi kulivyopita usoni mwake, kwanza chumvi, kisha mimi, kisha ile taa nyekundu. Alikwenda kabatini akiyumba kidogo. Kikombe cha bluu kilikuwepo pale pale, nyuma ya majani ya chai, na ndani mlikuwa na chumvi. Akachana ukurasa wa daftari la zamani, lenye alama zake za kalamu nyekundu, akaukunja koni, akamimina yote iliyokuwamo mpaka kikombe kikabaki kitupu.

"Nimeelewa," akaniambia.

"Umeelewa nini, wewe?" mkewe akamwuliza, na mzee akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na ilimbidi aende kusimama dirishani.

*

Bwana Haule hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

"Mvue Shahidi, mwache kizingitini," akasema. "Gari litampitia asubuhi. Wewe usije." Kisha, kana kwamba ameshasahau kuwa bado anasikika, "Chumvi, mwanamke huyu. Chumvi."

Shauri likaenda barazani. Baraza letu halijui haraka. Wako watu wanangoja zamu tangu mvua za mwaka juzi. Mpaka siku hiyo itakapofika, kufuli haiguswi na mtu. Sidanganyi nafsi yangu kwamba nimemwokoa mtu. Siku itafika, mdai mwingine atakaa mbele ya wazee wa baraza na karatasi zake, na huenda atakuwa na haki. Wala sina uhakika kwamba Mzee Obadia anafanya vema kukaa na ukuta unaomuuliza amekula nini. Lakini kama kumwachia mtu sauti ni kosa, ni kosa ambalo ningetoa chochote kama mtu mmoja tu angelifanya nyumbani kwetu.

Nikiwa mlangoni navaa viatu, Mzee Obadia alinikunjia blanketi nishuke nalo, nikakataa, akalirudisha ndani. Alikuwa anatafuta neno la kuniambia na neno halikuja, mwalimu mzima wa lugha. Mwishowe akasema, "Chumvi ya kuazima hurudishwa."

"Nitairudisha, baba."

"Si mkopo mkubwa."

"Hata hivyo."

Nikashuka mlima kwa miguu, koni ya karatasi kifuani mahali Shahidi alipokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilikuwa ninadaiwa mimi.

*

Siku tisa baadaye nilirudi na pakiti ya chumvi. Nilikuwa nimepata kibarua cha kupanga parachichi kwenye ghala la soko, mikono imechubuka, na nilikuwa nimevaa gauni la kawaida, si koti la kampuni. Jua lilikuwa linawaka siku hiyo. Jirani wa jembe alinitazama kifuani, akaona hakuna kitu, akaendelea kutolima.

Kigoda hakikuwepo nje.

Nilisimama mbele ya mlango nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa na Shahidi. Mdai akinyimwa karibu anaandika kwenye taarifa na kuondoka. Mtu wa kawaida akinyimwa karibu anaipeleka wapi?

"Hodi," nikasema.

Nikajaribu kuikumbuka sauti ya mama, kama kawaida yangu kwenye milango, na likanijia lile neno lake moja, na wale wanne nyuma yake wakicheka.

"Hodi."

Ndani kiti kikalia. Safari hii mtu aliinuka.

Sikuiwahi hodi ya tatu.

"Karibu," akasema Mzee Obadia Mlowe.

Alikuwa amelibana safari tatu nzima, na lilivyotoka lilitoka jepesi, likitikisika kidogo, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Mkewe naye nyuma yake akaanza kuuliza ni nani, na mbona anaachwa juani. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, nimerudisha chumvi, sikai, nina kazi. Yote yalinitoka. Nilibaki kizingitini na pakiti mkononi, machozi yakinishuka mchana kweupe mbele ya jirani, na nilichoweza kusema ni kimoja tu.

"Baba, sema tena."